Kodi ya mikeka iwatibu waliozama kwenye mikeka

Serikali inakata kodi kwenye mapato ya kampuni za kubeti, zile za mikeka ya kubashiri mechi, halafu inakata tena kwenye zawadi ya anayeshinda. Fedha inapita TRA kama kodi nyingine yoyote. Kwa hilo sina ugomvi, kila biashara ilipe. Ugomvi wangu uko upande wa pili: kijana wa Igoma aliyeuza pikipiki ya mkataba ili arudishe alicholiwa na kindege, ule mchezo wa kamari wa kwenye simu, akija leo kusema nataka kuacha, wengi wetu hapa Mwanza hatujui tumwelekeze mlango gani. Tunampeleka kwa mchungaji, kwa shehe au kwa mjomba wake. Wote hao wanampenda, na wote watamwambia kitu kimoja: acha. Kama angeweza kuacha kwa kuambiwa, angeshaacha zamani.

Ninachotaka ni sehemu ya kodi hiyo itengwe kisheria, kila mwaka, kwa ajili ya kinga na tiba ya uraibu wa kamari. Na isisubiri huruma ya kampuni.

Anayeujua mwalo wa Kirumba, pale mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, ataelewa kwa nini naandika nikiwa na hasira kidogo. Dagaa huvuliwa gizani, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka taa haina kazi tena, mitumbwi inapumzika, hesabu zinapigwa, tajiri anatoa gharama zake na vijana wanagawana kilichobaki. Hapo unakuta mtu wa miaka ishirini na kitu ana fedha ya mkupuo mfukoni, hana kazi kwa siku kadhaa, na ana simu. Mabanda ya mashine za kamari yanafurika siku hizo kuliko mwisho wa mwezi wa wafanyakazi wa ofisini. Giza likirudi anaingia ziwani akiwa na deni kwa tajiri yule yule, na sasa anavua ili alipe.

Mama mmoja anayeanika dagaa alinieleza kwamba mume wake hanywi wala havuti. Mlevi, alisema, angemnusa tangu mlangoni na kujua cha kuficha. Huyu wake anarudi nyumbani msafi, anasalimia vizuri, anacheza na watoto, kumbe fedha ya sare imeshaondoka tangu asubuhi. Alikuja kujua siku walipofika watu wa kausha damu, wale wa mikopo ya riba kubwa, kubeba kabati na televisheni. Kabla ya hapo kulikuwa na mkopo wa kwenye simu, na kabla ya mkopo wa simu kulikuwa na fedha ya kikoba, ambayo haikuwa hata yake. Ndivyo inavyokwenda kwa wengi: anakopa ili arudishe, anapoteza alichokopa, anakopa kikubwa zaidi.

Najua jibu lililo mdomoni kwa wengi: kwani nani kamlazimisha? Hii ni tamaa. Nimelisikia kwenye daladala, kanisani na hata kwa watu wa afya. Lakini Shirika la Afya Duniani halikubaliani na jibu hilo. Kwenye orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, uraibu wa kamari umewekwa kundi moja na uraibu wa pombe na wa dawa za kulevya. Dalili zake ni tatu, na mama yule alinitajia zote bila kusoma popote: mtu hawezi tena kujizuia, kamari inatangulia mbele ya kila kitu kingine maishani mwake, na anaendelea hata anapoona inamwangamiza. Siwasemi wale wanaoweka mia tano Jumamosi kwa ajili ya Simba au Yanga, mkeka ukichanika wanacheka na kwenda zao. Hao ni wengi, kama wanywaji wengi wasivyo walevi. Nawasema walioshindwa kutoka.

Na nchi yetu inajua kufanya kazi hii, maana imeshaifanya kwa ugonjwa uliochukiwa zaidi. Mwaka 2011 Hospitali ya Muhimbili walianza kutoa bure methadone, dawa ya kunywa inayotumika badala ya heroini, kwa waraibu wa heroini. Wakati ule watu walisema hao ni wezi, kwa nini tuwatibu kwa kodi zetu? Leo huduma hiyo ipo mikoani, na hapa kwetu inatolewa katika hospitali ya rufaa ya mkoa, Sekou Toure. Vijana waliokuwa wakilala vibarazani wanaamka asubuhi, wanakunywa dawa na kwenda kazini. Uraibu wa kamari haudai hata dawa ya kunywa kila siku. Tiba yenye ushahidi mzuri zaidi ni ya mazungumzo: mtaalamu anakaa na mgonjwa kwa wiki kadhaa, wanatafuta pamoja kinachomsukuma kubeti, wanavunja imani kwamba alikaribia kushinda hivyo zamu inayofuata ni yake, na familia inaingizwa kwenye mpango wa kushika fedha na kulipa madeni. Gharama kubwa ni watu waliofundishwa. Sekou Toure, Bugando na vituo vya afya vya wilaya vina majengo tayari, ila havina watu wa kutosha wa kazi hii.

Fedha itoke wapi? Hatuhitaji kubuni kitu. Mwaka 2021 kodi kwenye mapato ya michezo ya kubashiri ilipandishwa kutoka asilimia 25 hadi 30, na ile asilimia 5 ya nyongeza ikaelekezwa Mfuko wa Maendeleo ya Michezo. Nilifurahi, napenda mpira. Lakini tazama maana yake: tulikubali kwamba kodi ya kubeti inaweza kuwekewa anwani, tukaandika anwani ya viwanja na timu, tukamsahau anayetoa fedha yenyewe. Kama sheria iliweza kuukumbuka mpira, iweze kumkumbuka na mvuvi.

Wapo watakaosema tuziachie kampuni zichangie kwa hiari, kwa sababu tayari zinagawa jezi na madawati. Uingereza walitegemea michango ya hiari kwa miaka mingi, wakaona haitoshi na haina uhakika. Tangu Aprili 2025 mchango ni wa lazima kisheria: nusu inakwenda kwenye tiba, asilimia 30 kwenye kinga, asilimia 20 kwenye utafiti. Mwenye kuuza kamari hapangi tena nani atibiwe na nini kitafitiwe. Huo mgawanyo si lazima tuuige tarakimu kwa tarakimu, ila kanuni yake ni sahihi kabisa.

Hofu yangu kubwa iko hapa nyumbani. Mfuko ukianzishwa, naziona semina tayari. Naona ukumbi wa hoteli, fulana, mabango, posho za siku tatu, na mwisho wa mwaka taarifa inayosema elimu imetolewa. Kwa hiyo fedha hii ifungwe mapema: sehemu kubwa ilipe mishahara na mafunzo ya washauri, na washauri hao wafuate watu walipo. Huduma za VVU zilishajifunza kwamba mvuvi hasubiriwi hospitalini, anafuatwa mwaloni na kisiwani. Mshauri wa kamari naye afike Igombe na Ukerewe wakati wa mbalamwezi, vijana wakiwa nchi kavu na fedha ikiwa bado mfukoni. Akifika kwenye giza atakuta nyavu na watoto.

Kuna jambo lingine ambalo lingegharimu kidogo sana. Laini zetu zote za simu zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Mtu anayetaka kujifungia, yaani azuiwe kubeti kwa ombi lake mwenyewe, aweze kujiandikisha mara moja tu, na kampuni zote za kubeti zilazimike kumkataa kwa namba hiyo hiyo. Leo akijifungia kwenye kampuni moja, dakika inayofuata yuko kwenye nyingine, tena anapokelewa na bonasi ya ukaribisho. Mfumo wa namna hii ni kazi ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na gharama yake itoke kwenye kodi hiyo hiyo.

Kila mwaka kabla ya bajeti ya Juni, Wizara ya Fedha hupokea maoni ya wadau kuhusu kodi. Wenye kampuni hawakosi kupeleka yao, na wana wanasheria wa kuwaandikia. Vyama vya wavuvi, vikoba, waendesha bodaboda wa Buzuruga na Nyakato, makanisa na misikiti, nao ni wadau. Waandike kurasa mbili, wataje asilimia wanayotaka, waseme iende hospitali gani na ifike mialo ipi. Nakala wampe mbunge, na wamtake aseme mbele yao kama ataisimamia bungeni au hapana.