James Butler wa Ormond: mtiifu kwa mfalme, mdeni kwa jamaa zake

Ni makabaila wachache wa Ayalandi ya karne ya 17 wanaolaumiwa kama James Butler, Duke wa kwanza wa Ormond. Shutuma kubwa dhidi yake ni mbili. Ya kwanza ni kwamba mwaka 1647 aliukabidhi mji wa Dublin kwa Bunge la Uingereza, lililokuwa vitani na mfalme wake, badala ya kuwaachia Wakatoliki wa nchi yake mwenyewe. Ya pili ni kwamba baada ya ufalme kurejeshwa mwaka 1660, akiwa liwali wa mfalme mjini Dublin, alisimamia utatuzi wa migogoro ya ardhi uliowaacha Wakatoliki wengi mikono mitupu, huku yeye akirudishiwa kila alichokuwa nacho. Zote mbili zina ukweli ndani yake. Hata hivyo, wanaozitoa humzungumzia kana kwamba alikuwa mtu huru aliyezitazama pande mbili akachagua ya wageni, ilhali upande wake ulichaguliwa na wengine kabla hajabalehe.

Baba yake alikufa maji mwaka 1619 akivuka bahari kwenda Uingereza, na mtoto alikuwa na umri wa miaka 9. Babu yake, Walter, Earl wa 11, Mkatoliki ambaye watu walimpa jina la utani kwa sababu ya rozari zake, alikuwa amefungwa katika gereza la Fleet mjini London tangu mwaka 1617, kwa kukataa uamuzi wa Mfalme James wa Kwanza uliompa mtu mwingine sehemu kubwa ya urithi wa ukoo. Mfalme akamchukua yatima chini ya ulezi wake na kumkabidhi kwa George Abbot, Askofu Mkuu wa Canterbury, ili akuzwe Kiprotestanti. Mama yake, Elizabeth Poyntz, aliwalea wadogo zake katika Ukatoliki. Matokeo yake, mrithi wa nyumba ya Butler alitoka katika malezi hayo akiwa Mprotestanti, na ndugu zake wa tumbo moja wakabaki Wakatoliki.

Ndoa yake nayo ilikuwa mkataba wa ardhi, ingawa habari zinaonyesha kwamba wawili hao walipendana. Elizabeth Preston alikuwa binti wa yule yule aliyepewa urithi uliobishaniwa, na walipofunga ndoa mwaka 1629 vipande viwili vya mali vikaungana tena na ugomvi wa miaka mingi ukaisha. Hata hapo ilibidi mfalme aridhie.

Uasi wa Wakatoliki wa Ayalandi wa mwaka 1641 ulipozuka, Ormond aliamrishwa kuongoza jeshi la serikali dhidi ya watu wa nyumbani kwake. Mwezi Aprili mwaka 1642, huko Kilrush, aliwashinda waasi walioongozwa na Viscount Mountgarret, kaka wa bibi yake mzaa baba. Mountgarret huyo huyo akawa rais wa Baraza Kuu la Wakatoliki walioungana, na baraza hilo likaketi Kilkenny, mji wenye ngome ya Ormond mwenyewe. Mdogo wake, Richard wa Kilcash, alikuwa upande huo. Shemeji yake, Donough MacCarty, Viscount Muskerry, aliyemwoa dada yake Eleanor, alikuwa miongoni mwa viongozi wakuu wa upande huo. Mtu anayeandika kwamba Ormond aliwasaliti Waayalandi bila kuijua hasa nchi yao asome tena orodha hiyo.

Sasa tuiangalie Dublin. Hoja ya wanaomshutumu ni nzito, na haifai kupunguzwa. Mji aliouachia Bunge ndio uliokuwa kituo cha Michael Jones, kamanda wa Bunge aliyemshinda Ormond huyo huyo kule Rathmines tarehe 2 Agosti 1649, na majuma mawili hayakupita kabla Oliver Cromwell, jenerali wa Bunge, hajashuka hapo na jeshi lake. Kama mlango ule usingefunguliwa mwaka 1647, Cromwell angelazimika kutafuta pwani nyingine ya kutua.

Lakini nani alikuwa amebaki wa kukabidhiwa? Mwaka 1646 Ormond alikuwa amefikia mapatano ya amani na Baraza la Kilkenny. Balozi wa Papa, Rinuccini, akayapinga, akawatenga na kanisa walioyaunga mkono, na viongozi walioyaafiki wakatiwa ndani, Muskerry akiwemo. Jamaa aliozungumza nao wakawa wafungwa, mji ulikuwa umezingirwa na umeishiwa akiba, na mfalme mwenyewe alikuwa mikononi mwa maadui zake. Ninaona kwamba mtu aliyefundishwa tangu utotoni kwamba kila haki yake inatoka kwa mfalme hakuwa na njia ya kumpa mji balozi wa Papa. Kwamba alikosea hesabu ya kijeshi ni jambo jingine.

Takwimu inayorudiwa sana dhidi yake inahusu ardhi. Mwaka 1641 Wakatoliki walimiliki takribani asilimia 60 ya ardhi ya Ayalandi, na ilipofika mwaka 1688 walikuwa na karibu asilimia 22. Zikiwekwa bega kwa bega, na jina la Ormond katikati, namba hizi zinamhukumu. Ila zinaruka miaka ya 1650. Unyang'anyi mkubwa ulifanywa wakati huo, chini ya sheria za Cromwell, na Ormond alikuwa uhamishoni Ulaya, ardhi yake ikiwa imetaifishwa kama ya wengine. Ni mkewe aliyelazimika kwenda kumwomba Cromwell sehemu ya mali ili watoto wale. Baada ya mwaka 1660 fungu la Wakatoliki liliongezeka, ingawa kwa kiasi kidogo mno kuliko walivyoahidiwa. Charles wa Pili, mfalme aliyerejeshwa, alikuwa ameahidi ardhi hiyo hiyo kwa wanajeshi waliopewa na Cromwell na kwa wenyewe walionyang'anywa, na Ormond alisema kwamba ingebidi igunduliwe Ayalandi mpya, maana ile ya zamani haitoshi. Mahakama ya madai ilifungwa mwaka 1663 ikiwa haijasikiliza maelfu ya watu. Sheria ya mwaka 1665 iliwataka watu wa Cromwell waachie theluthi moja ya ardhi waliyopewa.

Hapa utetezi wangu unafikia kikomo. Theluthi ilikuwa ndogo, na liwali aliyejua hivyo aliipitisha. Bunge la Ayalandi lilikuwa limemtunuku paundi 30,000. Ni kweli alizama katika madeni maisha yake yote kwa sababu ya kumtumikia mfalme, lakini mdai aliyefungiwa mlango wa mahakama hakupata hata deni la kulipa.

Na mfalme alimlipa nini? Usiku mmoja wa Desemba mwaka 1670, Thomas Blood, askari wa zamani wa Bunge, na wenzake waliisimamisha gari yake mjini London, wakamfunga nyuma ya mpanda farasi, wakaanza kumpeleka Tyburn, mahali pa kunyongea wahalifu, wakamnyonge. Ormond, mwenye miaka 60, alipambana na yule mpanda farasi hadi wote wawili wakaanguka matopeni, na watu wakafika. Mwaka uliofuata Blood alikamatwa akiiba taji la mfalme. Charles alimsamehe, tena akampa ardhi ya paundi 500 kwa mwaka, na ardhi yenyewe ilikuwa Ayalandi.

Ormond alichowafanyia jamaa zake Wakatoliki kilipitia njia za undugu. Muskerry alirudishiwa mali yake. George Mathew, ndugu yake wa mama mmoja na Mkatoliki, alikuwa msimamizi wa mashamba yake. Richard aliendelea kuishi Kilcash. Mkatoliki asiye na nasaba ya Butler hakuwa na wa kumwandikia barua, na hili ndilo jibu gumu zaidi ambalo wapinzani wake wanaweza kunipa. Ulinzi huo haukuandikwa katika sheria yoyote. Ulidumu kadiri mwenye cheo alivyodumu. Mwanawe mpendwa, Earl wa Ossory, alimtangulia kufa mwaka 1680, yeye mwenyewe akafa mwaka 1688, na mjukuu aliyerithi cheo akahukumiwa kuwa mhaini mwaka 1715, akanyang'anywa mali, akafia uhamishoni Avignon mwaka 1745.