Waigizaji weusi wa Uingereza na ugomvi wa Hollywood: nani ana haki ya kumwigiza nani?

Machi 2017, Samuel L. Jackson alihojiwa na redio moja ya New York kuhusu Get Out, filamu ya kutisha ya Jordan Peele iliyokuwa ikijaza kumbi za sinema wakati huo. Akajiuliza filamu ile ingekuwaje kama kijana mkuu, Mmarekani mweusi anayepelekwa kutambulishwa ukweni kwa Wazungu, angeigizwa na Mmarekani mweusi hasa, na si Daniel Kaluuya, mzaliwa wa London mwenye wazazi kutoka Uganda. Akaongeza kuwa Waingereza wanachukuliwa kwa sababu malipo yao ni madogo, tena wanajiona wamefundwa vizuri zaidi. Baadaye alifafanua kwamba aliyekuwa akimlaumu ni mfumo wa Hollywood, wala si kijana yule. Lakini maneno yalikwisha kutoka, na mjadala ule haujaisha mpaka leo.

Ukiangalia orodha, huwezi kusema Jackson alikuwa anaota. Chiwetel Ejiofor, Mwingereza mwenye asili ya Nigeria, aliigiza mtumwa wa Louisiana katika 12 Years a Slave mwaka 2013, chini ya mwongozaji Steve McQueen, naye Mwingereza. Mwaka uliofuata David Oyelowo akawa Martin Luther King katika Selma, na Coretta, mke wa King, akaigizwa na Carmen Ejogo, pia wa London. Mwaka 2019 Cynthia Erivo akawa Harriet Tubman. Kisha Kaluuya mwenyewe akamwigiza Fred Hampton, kiongozi wa Black Panther, chama cha kutetea weusi, tawi la Illinois, aliyeuawa na polisi mjini Chicago tarehe 4 Desemba 1969 akiwa na miaka 21, na uhusika huo ukampa Oscar Aprili 2021. Mtumwa, mkombozi wa watumwa, mhubiri, mwanamapinduzi: nguzo nne za historia ya Wamarekani weusi, zote mikononi mwa watu waliokulia ng'ambo ya bahari.

Ninaichukulia hoja ya Wamarekani kwa uzito, na nadhani wengi wanaoipinga huirukia kabla ya kuisikiliza. Kwanza, kuna suala la riziki. Hollywood kwa miongo mingi imewapa waigizaji weusi nafasi chache za heshima. Filamu kubwa kuhusu historia yao ikipatikana mara moja kwa miaka kadhaa, kisha nafasi ya kwanza ikaenda kwa mgeni, kinachopotea ni mlango wenyewe wa kufikia kilele, maana ni nafasi za aina hiyo zinazoleta uteuzi wa tuzo na mikataba mikubwa. Pili, kuna ile dhana kwamba Mwingereza amepita chuo na jukwaa la Shakespeare, hivyo ni bora. Hapo Jackson alikuwa na kila haki ya kukasirika. Viola Davis alitoka Juilliard, Angela Bassett alitoka Yale, na Lupita Nyong'o wetu alichukuliwa kwa 12 Years a Slave akitokea Yale hiyo hiyo. Anayesema Marekani haina shule ya uigizaji hajui anachokisema.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, na ilikwisha kutolewa miaka mingi kabla ya Get Out. Mwaka 1996 mwandishi wa tamthilia August Wilson aliwahutubia watu wa jukwaa wa Marekani akidai kwamba Wamarekani weusi wana utamaduni wao, wenye mizizi katika utumwa na katika yale yaliyofuata, na kwamba utamaduni huo unahitaji majumba yake ya tamthilia, fedha zake na watu wake. Wilson hakuwa akizungumzia Waingereza. Hata hivyo ukiifuata hoja yake hadi mwisho, unafika hapa: mtu ambaye bibi yake alihama kusini mwa Marekani kwenda Chicago ana kitu mwilini, namna ya kutembea mbele ya polisi, namna ya kunyamaza kanisani, ambacho mwalimu wa lafudhi hakifundishi.

Peele mwenyewe aliliona hilo. Amewahi kueleza kuwa mwanzoni hakutaka Mwingereza, kwa sababu filamu ile ilihusu maisha ya Mmarekani mweusi. Alibadili mawazo baada ya kuzungumza na Kaluuya kwa Skype, akaona kwamba hali ile ya kuwa mtu mweusi pekee chumbani inajulikana London kama inavyojulikana New York.

Mwenye shaka aitazame tena sehemu ya kiti. Mama mkwe anakoroga chai, kijiko kinazunguka taratibu ndani ya kikombe. Kaluuya ameketi mbele yake, anaulizwa kuhusu usiku ambao mama yake hakurudi nyumbani na yeye, mtoto, akabaki akitazama televisheni badala ya kupiga simu. Kucha zinakwaruza mikono ya kiti. Uso hausogei, macho yametoka, machozi yanashuka yenyewe. Kamera imemkaribia kiasi kwamba hana pa kujificha, wala hana mstari wa maneno wa kumwokoa. Hiyo ni hofu ya mtu anayeijua aibu ya kujikunja ili wenyeji wasistuke. Kuna jambo lingine la karibu na sisi: filamu inafunguliwa kwa wimbo wa Kiswahili, Sikiliza kwa Wahenga, uliotungwa na Michael Abels, Mmarekani, akiwafanya wahenga wamwonye ndugu yao kwa lugha ambayo mhusika mwenyewe haielewi. Filamu inayodaiwa kuwa ya Wamarekani peke yao ilikwisha kuazima sauti ya pwani yetu, na ikapendeza.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna haki ya kusema kitu hapa, kwa kuwa tumekuwa upande wa kuigizwa muda mrefu. Idi Amin wa The Last King of Scotland, iliyopigwa Uganda, alikuwa Forest Whitaker wa Marekani, aliyejifunza Kiswahili kwa kazi hiyo na kuchukua Oscar mwaka 2007. Katika Hotel Rwanda ya mwaka 2004, mume aliigizwa na Don Cheadle, Mmarekani, na mke akaigizwa na Sophie Okonedo wa London. Wote wawili waliteuliwa kuwania Oscar, na hakuna Mnyarwanda aliyekuwa pale mbele. Steve Biko, mpinga ubaguzi wa Afrika Kusini, alipewa Denzel Washington mwaka 1987. Mandela amepitia kwa Morgan Freeman na kwa Idris Elba. Wamarekani weusi walipozichukua nafasi hizo, sikumbuki kelele kubwa kutoka Hollywood. Silisemi hili ili kuwanyamazisha. Nalisema kwa sababu kanuni ikiwa ni ya haki, lazima ifanye kazi pande zote mbili.

Na je, Wazungu? Daniel Day-Lewis wa London alichukua Oscar kwa kumwigiza Abraham Lincoln. Vivien Leigh aliichukua kwa Scarlett O'Hara, binti wa mashamba ya Georgia. Katika Selma hiyo hiyo, Rais Johnson ni Tom Wilkinson na Gavana Wallace ni Tim Roth, Waingereza wote. The Wire, tamthilia ya televisheni iliyoanza mwaka 2002 kuhusu mitaa ya Baltimore, ilikuwa na Idris Elba wa Hackney upande wa wauza dawa na Dominic West wa Sheffield upande wa polisi. Mzungu anaruhusiwa kuwa mwigizaji tu. Mweusi anadaiwa cheti cha kuzaliwa.

Kwa hiyo hoja ya mwili na kumbukumbu naikubali nusu. Naikubali anapoigizwa mtu halisi ambaye familia yake ipo hai na jamii yake bado inamlilia. Hapo wajibu ni mkubwa, na hautimizwi kwa lafudhi peke yake. Waliotengeneza filamu ya Hampton walikaa na familia yake, na mwanawe, Fred Hampton Jr., alikuwepo wakati wa kupiga picha. Kaluuya alifanya mazoezi na mwalimu wa sauti za opera ili koo lihimili hotuba zile. Kazi ya namna hiyo ndiyo inayompa mgeni haki ya kuingia. Siikubali pale inapogeuka kuwa mpaka wa kudumu, kwa kuwa mpaka huo ungemfungia nje Whitaker, na nisingependa kuishi bila Amin wa Whitaker.

Lakini mzozo wote huu unaficha swali ambalo kwangu ndilo lenyewe: kwa nini wanaondoka? Hakuna anayehama kwao kwa furaha akiwa na kazi ya kutosha.

Uingereza iliwafunza. Ejiofor na Oyelowo walipita chuo cha LAMDA. Oyelowo alivaa taji la Henry VI katika kampuni ya Royal Shakespeare mwaka 2000, mweusi wa kwanza kupewa mfalme wa Uingereza na kampuni hiyo. Ejiofor alichukua tuzo ya jukwaa ya Olivier mwaka 2008 kwa Othello, jemadari mweusi wa tamthilia ya Shakespeare. Kaluuya hakusoma chuo cha uigizaji, lakini mwaka 2010 aliigiza bondia katika ukumbi wa Royal Court na kushinda tuzo ya chipukizi. Jukwaa liliwafungulia, tena kwa kuchelewa sana: Laurence Olivier alijipaka rangi nyeusi kuwa Othello katika National Theatre mwaka 1964, na ilibidi kusubiri hadi 1997 ndipo mtu mweusi, David Harewood, apewe uhusika huo hapo. Miaka 164 nyuma yake, Ira Aldridge, Mmarekani mweusi aliyekimbilia London kwa kukosa nafasi New York, aliigiza Othello katika ukumbi wa Covent Garden mwaka 1833, magazeti yakamshambulia, na akajenga jina lake Ulaya bara. Safari ya kutafuta jukwaa upande wa pili wa Atlantiki ilianza na Mmarekani.

Kwenye kamera mambo yalikuwa magumu zaidi. Televisheni ya Uingereza iliishi kwa kuuza nje tamthilia za majumba ya kifahari, na katika majumba hayo mweusi hakuwa na kiti. Harewood alipata umaarufu kupitia Homeland, ya Marekani. Marianne Jean-Baptiste aliteuliwa kuwania Oscar mwaka 1997 kwa Secrets & Lies ya Mike Leigh, Mwingereza mweusi wa kwanza wa kike kufika hapo kwa uigizaji. Mwaka huo huo Uingereza ilipopeleka Cannes kundi la waigizaji vijana kuadhimisha miaka 50 ya tamasha hilo, yeye hakualikwa. Alilalamika hadharani, akahamia Marekani, na akapata miaka saba ya kazi katika tamthilia ya televisheni Without a Trace. Na wale wanaosema hayo ni ya zamani wakumbuke BAFTA, tuzo za filamu za Uingereza, za 2020, ambapo walioteuliwa 20 katika uigizaji wote walikuwa Wazungu. Kanuni za tuzo hizo zilibadilishwa baada ya aibu hiyo.

Kwa haki, kuna mabadiliko. Mwaka 2020 BBC ilionyesha Small Axe, filamu tano za McQueen kuhusu Wakaribi wa London, na John Boyega akapata Golden Globe kwa kumwigiza polisi wa London, kwa lafudhi ya kwao. Michaela Coel, mwandishi na mwigizaji wa London, alikataa dola milioni moja za Netflix kwa sababu hakupewa hisa katika hakimiliki ya hadithi yake, akaipeleka I May Destroy You BBC. Lakini Bridgerton, tamthilia ya televisheni iliyowaweka weusi katika majumba yale yale ya kifahari, ilitoka kwa kampuni ya Shonda Rhimes, Mmarekani.

Jean-Baptiste alirudi kwa Mike Leigh katika Hard Truths ya mwaka 2024, akiwa mwanamke wa London mwenye hasira zisizopoa, na wahakiki wa New York wakamtaja mwigizaji bora wa kike wa mwaka. Kati ya filamu hizo mbili ilipita miaka 28, ambayo sinema ya Uingereza ingeweza kumpa akina mama, majaji, wauguzi na malkia wa kuigiza. Jackson aliuliza nani aliyechukua nafasi ya Mmarekani. Ofisi za London zinazotoa fedha za filamu hazijaulizwa kwa ukali kama huo zilikuwa zimemwekea nani nafasi miaka yote hiyo.