"Bone" ya Waingereza si mfupa wetu

Kabla sijahamia Uingereza nilijua "bone" ni mfupa, basi. Ndivyo tulivyofundishwa shuleni. Siku moja muuza samaki wa huku akaniambia minofu niliyoshika ni "boned". Nikairudisha, maana nilikuwa nampikia mtoto na sikutaka miiba. Kumbe alimaanisha kinyume chake: miiba yote imeshatolewa! Nikaanza kulifuatilia neno hilo, likanifikisha kwa washonaji. Kwao gauni likiwa "boned" limetiwa vijiti vigumu ndani ya kitambaa ili lisimame kiunoni. Samaki katolewa, gauni limetiwa, na neno ni lile lile. Tena zamani vijiti hivyo vilitoka kinywani mwa nyangumi, wala havikuwa mfupa. Ni kitu cha jamii ya kucha.

Nayasema haya kwa sababu kila nikipiga simu nyumbani nasikia kwamba Kiingereza kimejaa maneno na Kiswahili kimepungukiwa. Jamani, sikubali. Kwa Mwingereza, cha ng'ombe ni "bone" na cha samaki ni "bone". Kwetu ng'ombe ana mifupa, samaki ana miiba, na hakuna mama atakayemwambia mwanawe ajihadhari na mifupa ya samaki. Ubavu nao tumeupa kazi ya uwezo: "huna ubavu wa kunizuia". Mwingereza akihisi jambo linakuja husema analihisi mifupani. Sisi machale hutucheza. Na jambo lililowashinda wengi kwetu ni mfupa uliomshinda fisi. Hapo sihitaji kuazima chochote.

Sikidharau Kiingereza. Nilifurahi sana kujua kwamba "bonfire", ule moto mkubwa wanaouwasha kila tarehe 5 Novemba, asili yake ni moto wa mifupa. Lugha yao ina historia ndefu na nzuri. Kinachoniuma ni sisi kuipima yetu kwa kamusi ya wenzetu, neno kwa neno, kisha tukajiona maskini.

Juzi mwanangu, aliyezaliwa huku, alisukuma sahani akasema, "Mama, huyu samaki ana mifupa."

"Miiba," nikamwambia.

Akafikiri kidogo. "Miiba si ya maua?"

"Ya maua, na ya samaki pia."

Akauchomoa mmoja, akaugusa ncha yake kwa kidole. "Kweli," akasema, "unachoma."