Bibi Harusi Aliyeingia kwa Awamu

Mimi ni fundi wa stima, na kanisani niliitwa kwa ajili ya mota. Nataka hilo lieleweke mapema, maana ile picha inayozunguka WhatsApp imenipa vyeo nisivyoviomba.

Kanisa lenyewe ni kongwe, lipo hapa hapa kisiwani Mombasa, na roshani yake juu ya mlango mkuu ina kinanda cha filimbi. Si hivi vya plastiki vya kuchomeka ukutani. Hili ni jumba. Mbele zimesimama filimbi ndefu kuliko mtu, na ukiingia ndani unakuta nyingine mamia, za bati na madini ya risasi na za mbao, hadi zile fupi kuliko kalamu. Chini yake kuna mivukuto, mfuko mkubwa wa mbao na ngozi wa kuweka upepo. Mpigaji akibonyeza, kilango kinafunguka chini ya filimbi, upepo unapita, inalia. Akiachia, kilango kinajifunga. Zamani upepo huo ulisukumwa kwa mkono, siku hizi feni ya stima. Na feni ndiyo iliyokufa, Jumamosi, harusi ikiwa saa nne.

"Fundi, itapona?" akauliza mwalimu wa kwaya, ambaye ndiye mpiga kinanda.

Nikainusa. Mota iliyoungua haitaki vipimo. "Ya kusukwa upya hii, mwalimu. Jumanne, Inshallah."

Akatazama saa, kisha akatazama mikono yangu. Ubavuni mwa lile jumba kulikuwa na mpini wa mbao ambao mimi nilidhani ni wa kutundikia kanzu.

"Wenzetu wa zamani walisukuma huu."

Nikamwambia mimi Mwislamu. Akasema upepo hauna dini, na ukweli sikuwa na jibu.

Kazi yenyewe ni ya kijasusi. Karibu na mpini inaning'inia risasi ndogo, kitonge cha madini yale yale, kwenye uzi, imefungwa na mfuko wa upepo. Mfuko ukijaa, risasi inashuka, ukipungua, inapanda. Ubaoni kuna alama mbili, nawe kazi yako ni risasi isitoke katikati ya hizo alama. Huoni bibi harusi, huoni padri, unaona risasi. Nikavua shati, nikabaki na vesti, kwa kuwa kaskazi ya Januari haina huruma na mle ndani hata mende walikuwa wanatoka.

Mwalimu naye akapata wasaa wa kunisomesha. Ati kinanda cha kwanza cha namna hii kilibuniwa Alexandria, Misri, karne ya 3 kabla ya Kristo, na fundi aitwaye Ctesibius, aliyetumia maji kuutuliza upepo. Ati mwaka 1777 Mozart alimwandikia babake kwamba hiki ndicho mfalme wa ala zote. Nikamjibu mfalme gani huyu, anapumua kwa mkono wa mtoto wa Mwembe Tayari.

Saa nne ikafika, na ajabu ikafika pia. Mlango ukafunguliwa, vigelegele vikapasuka, mwalimu akaanza kwa mbwembwe. Mistari miwili tu akaachia vibonyezo vyote, na sauti moja ikabaki inalia. Nyembamba, kali, haina dalili ya kunyamaza.

"Sol yangu imekwama!" akanong'ona, ingawa mnong'ono ule ulifika madhabahuni.

Dawa ya kwanza ni kuizima safu nzima ya filimbi, na kila safu ina kirungu chake cha kuvutia na kusukumia. Akakisukuma. Wapi! Unyevu wa Mombasa ulikuwa umeuvimbisha ubao wa ndani, kirungu kimeganda. Akasukuma kwa mguu. Kikaganda zaidi.

Hapo mwalimu akafanya jambo ambalo mimi hadi leo namvulia kofia. Akainama kwenye ukingo wa roshani, akawaambia wanakwaya: "Ichukueni hiyo iwe do!" Wakaichukua. Wakaimba wimbo wa kuingia wakiegemea ile sauti, na wazee wa mbele wakatikisa vichwa wakidhani ni utaratibu mpya kutoka jimboni.

Sasa msiba ukawa wangu. Mkono ukichoka, risasi inapanda, upepo unapungua, na ile sauti inateremka kama mbuzi anayesinzia. Kwaya, watu watiifu, wanateremka nayo. Besi wakazama mpaka nikasikia wanakohoa. Nikishtuka nikisukuma kwa nguvu, inapaa, na sauti ya kwanza wanapanda wakitoa macho. Mara moja upepo ukaisha kabisa. Kanisa kimya. Bibi harusi, msichana mwenye adabu, akasimama katikati ya njia mguu mmoja mbele. Nikasukuma, sauti ikarudi, akaendelea. Ikafa, akasimama. Shangazi yake akamsukuma mgongoni kidogo. Mwendo ule, mtu angetoka Likoni, ng'ambo ya kivuko, kwa miguu angefika kwanza.

Mwalimu kwa wakati huo alikuwa ameingia tumboni mwa kinanda na tochi ya simu, anapitisha kiganja juu ya filimbi kusikia ipi inatoa pumzi. Akachomoa moja, kelele palepale. Akachomoa ya pili, palepale. Ya tatu ndiyo, na pale pakabaki fyuuu ya upepo mtupu.

"Shika, na usiiminye, ni laini!"

Nikatoa kichwa nje niishike, mkono mmoja filimbi, mkono mmoja mpini, vumbi la miaka usoni. Mpiga picha alikuwa madhabahuni, kamera ameielekeza mlangoni. Picha imetoka vizuri sana. Chini, bibi harusi na shela lake. Juu kidogo ya shela, mimi na vesti.

Baadaye tukafungua pale chini ya filimbi: kachembe ka mbao iliyotafunwa na mchwa, kamekaa kwenye kilango, hakifungi.

Tukiwa tunanawa akapanda shangazi wa bibi harusi, anahema. Nikajua ni matusi. "Mwalimu," akasema, "binti yangu anaolewa Aprili. Ile sauti ndefu mnatoza shilingi ngapi?"

Mwalimu akanyoosha kidole kwangu. "Ile, mama, bei ni kwa fundi."