Kabla ya Mradi wa Utafiti, Mwanafunzi wa Kompyuta Arudie Jaribio la Wengine

Pendekezo lenyewe ni fupi. Muhula mmoja kabla ya mradi wa mwaka wa mwisho, mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta apewe makala moja ya utafiti iliyokwisha kuchapishwa. Aliendeshe upya jaribio lililomo, kisha aandike alichopata na kwa nini kinalingana au hakilingani na kilichochapishwa. Asibuni kitu wala asidai jambo jipya. Pendekezo hili likitajwa mbele ya wahadhiri, majibu huwa mawili: kwamba huko ni kuwazoeza vijana kunakili, na kwamba utafiti haujifunzwi kwa mazoezi bali kwa kutafiti.

Jibu la pili lina uzito na nitalifikia. Tutazame kwanza hali ilivyo. Mwanafunzi huyu amekaa miaka miwili au mitatu akipewa maswali yenye majibu. Zoezi la kupanga orodha lina jibu, la hifadhidata lina jibu, na programu yake ikipita majaribio aliyoyaweka mwalimu, amefaulu. Mwaka wa mwisho anaambiwa alete swali lake mwenyewe. Kozi ya mbinu za utafiti ameisoma, lakini mara nyingi kwa mihadhara: nadharia tete ni nini, sampuli ziko za aina ngapi, marejeo huorodheshwa vipi. Anacholeta kwa msimamizi si swali, ni jina la mfumo anaotaka kuujenga. Anaujenga, unafanya kazi, na sura ya matokeo inajaa picha za skrini. Siku ya utetezi anaulizwa mfumo wake umelinganishwa na nini, na hana la kusema. Kijana huyu si mvivu. Hakuna aliyewahi kumwonyesha kwa karibu jinsi dai la kitaaluma linavyosimamishwa, wala linavyoanguka.

Wanaopinga wana mfano mzuri, na ni haki kuutaja ukiwa na nguvu zake zote. Andrew Krapivin alikuwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Rutgers alipobuni aina ya jedwali la hashi, yaani njia ya kupanga data ili zipatikane haraka, linalotafuta nafasi kwa kasi ambayo wataalamu waliidhani haiwezekani. Kazi hiyo, aliyoiandika pamoja na Martín Farach-Colton na William Kuszmaul, ilitoka Januari 2025 na kuliangusha kisio, yaani dai lililoaminiwa bila kuthibitishwa, ambalo mwanasayansi wa kompyuta Andrew Yao aliliweka mwaka 1985 kuhusu kasi hiyo. Krapivin hakuwa na habari za kisio hilo alipokuwa akifanya kazi yake. Hoja basi inajengwa hivi: angefundishwa kwanza yale yaliyothibitika na yasiyowezekana, huenda asingejaribu. Waacheni vijana waingie bila mizigo ya waliowatangulia.

Nakubali kwamba kutojua kunaweza kumpa mtu uthubutu. Ila turudi kidogo nyuma katika kisa hicho hicho. Krapivin hakuanzia kwenye ukurasa mtupu. Alianzia kwenye makala ya watafiti wengine kuhusu viashiria vidogo vya kumbukumbu, yaani anwani fupi zinazoonyesha data ilipo ndani ya kompyuta, na Farach-Colton alikuwa mmoja wa waandishi wake. Aliichambua hadi akaanza kuuliza kama viashiria hivyo vingeweza kupunguzwa zaidi. Kisa cha Ewin Tang wa Chuo Kikuu cha Texas kule Austin kinafanana na hicho. Msimamizi wake, Scott Aaronson, alimpa swali jembamba: athibitishe kwamba hakuna algoriti, yaani utaratibu wa hatua za kukokotoa, ya kompyuta za kawaida inayoweza kukaribia kasi ya algoriti ya kompyuta za kwantamu ya kumpendekezea mtumiaji vitu anavyoweza kuvipenda, iliyotolewa na Iordanis Kerenidis na Anupam Prakash mwaka 2016. Mwaka 2018 Tang alitoka na kinyume chake, yaani algoriti hiyo ya kawaida ipo. Na aliipata kwa kuingia ndani ya algoriti ya kwantamu, kuona ni wapi hasa inapata kasi yake, na kuichukua mbinu hiyo upande wa pili. Vijana hawa wawili wana vipaji vya nadra, kwa hiyo si kipimo cha darasa zima. Lakini kama wao ndio ushahidi wa kuwaacha wanafunzi huru, basi ushahidi huo unaonyesha uhuru ulioanza kwa kuifungua kazi ya mtu mwingine, skrubu moja moja.

Sasa niseme kwa nini kusoma makala peke yake hakutoshi, mpaka mtu aliendeshe jaribio lenyewe. Christian Collberg na Todd Proebsting wa Chuo Kikuu cha Arizona walizipitia makala 601 za mikutano na majarida ya ACM, chama kikubwa cha wanataaluma wa kompyuta. Kati ya hizo, 402 zilikuwa na matokeo yanayotegemea msimbo, yaani maandishi ya programu. Wakaanza kuutafuta msimbo huo: kwenye makala zenyewe, mtandaoni, na kwa kuwaandikia waandishi. Makala ambazo msimbo wake ulipatikana na kujengwa, yaani kugeuzwa programu inayoweza kuendeshwa, ndani ya dakika 30 zilikuwa asilimia 32.3. Walipoongeza muda na juhudi, walifika asilimia 48.3.

Takwimu hizo zilichapishwa mwaka 2016 na zimetajwa mara nyingi, lakini sidhani kama wapanga mitaala wamezisoma kwa jicho la mwanafunzi. Asilimia 32.3 ya 402 ni makala kama 130. Zilizobaki, zaidi ya 270, hazikujengeka katika nusu saa ile mikononi mwa watu waliokuja na nia hiyo tu. Tena kilichopimwa hapo ni kujengwa kwa programu, si kama matokeo yake ni sahihi. Hilo hawakulipima kabisa. Mpe basi kazi hiyo kijana ambaye hajawahi kuugusa msimbo wa mtafiti. Katika pendekezo lake ameandika kwamba atalinganisha mbinu yake na ile ya makala fulani. Sentensi hiyo inapita kwenye kamati bila swali. Wiki ya 8 anagundua kwamba maktaba ya programu iliyotumika imebadilika, kwamba faili la mipangilio halikuwekwa, kwamba seti ya data iko kwenye kiungo kilichokufa. Muda umekwisha. Anaufuta ulinganisho, anabaki na picha za skrini, na sisi tunaandika kwenye fomu kwamba kazi yake haina kina.

Angekutana na ukuta huo muhula mmoja mapema, mahali ambapo kuugonga ndiyo kazi yenyewe aliyotumwa, angeingia kwenye mradi akijua la kuuliza. Je, msimbo upo? Unaendeshwa? Data ziko wapi, na zimegawanywaje? Maswali haya hayajibiwi na mihadhara ya nadharia tete.

Liko pia jambo la namba zinazoyumba. Mwaka 2018 Peter Henderson na wenzake wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, waliendesha algoriti moja ya ujifunzaji wa mashine mara 10 bila kubadilisha mpangilio wowote, isipokuwa ile namba inayoanzisha bahatinasibu. Walipoigawa mizunguko hiyo makundi mawili ya tano tano na kuchora wastani wa kila kundi, mistari ilitengana kiasi cha kuonekana kama ni algoriti mbili tofauti. Mwanafunzi aliyeyaona haya kwa macho yake hawezi tena kuendesha modeli yake mara moja, akapata nyongeza ya nusu asilimia juu ya namba ya kwenye jedwali la mtu, akatangaza ushindi. Asiyeyaona, atatangaza. Na mara nyingi atapewa alama kwa tangazo hilo.

Kuhusu kunakili, kisa kinachonigusa zaidi hakitoki kwenye kompyuta bali kwenye uchumi, na mhusika alikuwa mwanafunzi wa uzamivu. Thomas Herndon, wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, alipewa zoezi la darasani la kurudia matokeo ya makala mashuhuri. Akaichagua ya Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff ya mwaka 2010 kuhusu madeni ya nchi na ukuaji wa uchumi, iliyokuwa ikitajwa na wanasiasa waliotaka kubana matumizi. Hesabu zikakataa kulingana. Walimu wake mwanzoni walidhani kosa ni lake. Akawaandikia waandishi, akatumiwa faili lao la Excel, na ndani yake akakuta fomula ya wastani imeziacha nje safu za nchi tano. Pamoja na kasoro nyingine za kuchagua data na kuzipa uzito, wastani wa ukuaji kwa nchi zenye deni linalozidi asilimia 90 ya pato la taifa ulitoka asilimia hasi 0.1 ukawa asilimia 2.2 baada ya kusahihishwa. Aliyachapisha hayo mwaka 2013 pamoja na walimu wake, Michael Ash na Robert Pollin. Reinhart na Rogoff walikiri kosa la fomula, ingawa waliutetea msimamo wao wa jumla. Fomula inayoacha safu tano ni kosa la programu, la aina ambayo mwanafunzi wa kompyuta wa mwaka wa tatu ana uwezo wote wa kuliona. Sijui tungetaka ujasiri gani wa kitafiti kuliko huu, na umetokana na zoezi la kurudia.

Kisa hicho hicho, hata hivyo, ndicho kinachobeba pingamizi zito kuliko yote, na wanaolisema wana haki. Namba isipolingana, nani amekosea? Herndon alikuwa na walimu waliokaa naye hadi ikajulikana. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza, mmoja kati ya wengi chini ya msimamizi mmoja, anaweza kubaki na tofauti asiyoweza kuieleza, akahitimisha kwamba yeye hafai. Au kinyume chake, akahitimisha kwamba waandishi ni waongo. Yote mawili ni mabaya. Kumvusha hapo kunadai saa za mtu anayeijua makala, na saa hizo hazipatikani kwa kutunga sera. Anayependekeza zoezi hili bila kusema saa zitatoka wapi hajasema lolote.

Ninaloweza kusema ni kwamba makala moja inaweza kufanyiwa kazi na kundi zima. Msimamizi akichagua makala tatu anazozijua na kuzirudia na makundi mapya kila mwaka, maswali ya mwaka wa pili hayamkuti mikono mitupu. Msimamizi wa miradi 10 ya mada 10 hana nafasi hiyo kamwe. Na imewahi kufanyika kwa mapana: mwaka 2018 Joelle Pineau wa McGill aliongoza shindano la kurudia matokeo ya makala zilizowasilishwa kwenye ICLR, mkutano wa kimataifa wa ujifunzaji wa mashine, na waliojitokeza wengi walikuwa wanafunzi waliolifanya kama kazi ya kozi.

Pingamizi la vifaa ni jepesi kidogo. Ni kweli modeli kubwa za lugha haziwezi kurudiwa kwa kompyuta ya mapajani. Makala za algoriti, za mitandao midogo, za uchambuzi wa data na za majaribio ya watumiaji zinawezekana, na ni nyingi. Kwamba wahitimu wengi hawatakuwa watafiti nalo ni kweli, ila kazini watakabidhiwa msimbo wa watu wengine na madai ya watu wengine, na watatakiwa kusema kama vinafanya kazi.

Kinachobaki ni kuamua alama zitatolewa kwa lipi. Zikitolewa kwa kulingana na namba iliyochapishwa, wanafunzi watalinganisha kwa njia yoyote, na sasa wana programu za akili unde za kuwasaidia kufanya hivyo kwa haraka. Basi zitolewe kwa maelezo: aliendesha nini, mara ngapi, kwa mpangilio upi, nini kilikataa, alijaribu nini kabla ya kukubali kimekataa, na tofauti iliyobaki ni kubwa kiasi gani. Na pale ambapo msimbo haupo, mwanafunzi awaandikie waandishi kuuomba, barua hiyo iwe sehemu ya kazi inayosahihishwa, na jina la msimamizi liwemo chini yake pamoja na la mwanafunzi.