Nikifungua mdomo tu, nauli inapanda

Nimetoka Kisumu kuja Kigoma kwa mafunzo ya vitendo, miezi 3 ya kujifunza uvuvi wa Ziwa Tanganyika. Kazi naipenda, watu wakarimu, na migebuka, samaki wa ziwa hili, ni mitamu jamani! Kinachonichosha ni nauli ya bodaboda. Kutoka Mwanga hadi Ujiji mwenyeji anatajiwa bei yake. Mimi nikisalimia tu, lafudhi ya Kikenya ikasikika, bei inaruka maradufu. "Dada, wewe mgeni, una hela za kwenu." Hela zipi? Silipwi hata senti, na kodi ya chumba natoa mwenyewe! Siku hizi mama mwenye nyumba ndiye anayepatana bei, mimi nimesimama pembeni kimya kama bubu. Inaniuma sana.