Nimepangisha nyumba, nalala kwenye Hiace

Mwanangu wa kwanza alinipigia kutoka Dar akiwa amefura. Jirani mmoja hapa Isevya alikuwa amemrushia picha: Hiace ya bluu chini ya mwembe, mlango wa ubavuni wazi, chandarua kinaning'inia, na mimi nimekalia ndoo nachambua maharage. "Mama, unatuaibisha. Watu watasema tumekutupa."

Hakuna aliyenitupa. Nilistaafu uuguzi nikiwa na miaka 60, na kama wengi wetu nikaamini mafao kazi yake ni kumalizia nyumba. Vyumba vitano, vya nani sijui, maana watoto walishaondoka. Nikapiga plasta, nikaweka vigae sebuleni, hela ikakata kabla ya geti. Ninao wenzangu hapa Tabora wanaozeekea kwenye majumba yasiyo na dari, wanakula mlo mmoja kwa siku, na ukienda kuwajulia hali wanaanza kwa kukuonyesha chumba cha wageni. Umaskini ule tumejijengea wenyewe, tena kwa saruji ya mkopo.

Hiace ni ya marehemu mume wangu, ilikuwa daladala. Fundi aling'oa viti vyote vya abiria, akapiga kitanda cha mbao kwa kipimo cha urefu wangu, na droo tatu chini yake. Nina sufuria mbili, jiko dogo la gesi, taa ya sola, madumu mawili ya maji. Nyumba nimeipangisha, nikabakiza choo cha nje na kivuli cha mwembe. Ile ada ya leseni ya barabara ya kila mwaka ilifutwa 2017 ikahamia kwenye mafuta, kwa hiyo gari likilala halinidai kitu, ukiacha bima na stika. Nyumba inadai hata ukiwa usingizini: tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, ukinunua umeme. (Siku hizi inamkata mpangaji, nami nampunguzia kwenye kodi ya chumba. Hatujawahi kugombana.)

Sitadanganya kwamba ni raha tupu. Oktoba, kabla mvua hazijashuka, bati la gari linaiva kama kikaango, na siingii ndani mpaka saa nne usiku. Magoti nayo yana maoni yao kila ninapopanda.

Marekani wazee wanaoishi hivi ni wengi, na baada ya mdororo wa 2008 wapo walioingia kwenye magari kwa kuwa nyumba zimekwenda. Kipindi cha baridi hukusanyika jangwani Arizona, karibu na mji wa Quartzsite. Kwenye ardhi ya umma unaruhusiwa kukaa siku 14 bure kisha unahama, na yapo maeneo ya kukaa muda mrefu ambako ada moja ya msimu inakutosha kuanzia katikati ya Septemba hadi katikati ya Aprili. Wakiwa mijini wanachohofia ni polisi kugonga dirisha usiku, hivyo wengine huziba vioo na kuegesha mahali ambapo hakuna atakayewaona.

Hilo la kujificha mimi siwezi kuliiga. Mikoa yetu hii ya magharibi tunajua vikongwe wengi waliouawa wakiitwa wachawi kwa kosa la kuwa na macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni tu. Bibi mgeni, peke yake, kwenye gari lililozibwa vioo, saa nane za usiku? Kufikia asubuhi hadithi imeshaiva. Kwa hiyo kokote niendako kituo cha kwanza ni kwa mwenyekiti wa mtaa, najitambulisha mpaka aombe nimwache apumzike, na mlango nauacha wazi hadi muda wa kulala.

Kiangazi kilichopita nilikwenda Kigoma, naendesha mwenyewe, mchana tu. Kati ya Kaliua na Uvinza mbung'o walinitafuna. Mdudu yule hufuata kitu kinachotembea, na rangi anayoipenda ni bluu, ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa kitambaa cha bluu na cheusi. Nami gari langu ni mtego wenye magurudumu manne. Kibirizi nilimwomba mama mmoja anayeanika dagaa niegeshe kando ya uzio wake. Alinihoji karibu nusu saa: kwetu wapi, ukoo gani, mume yuko wapi, watoto wangapi, na mbona hawakunisindikiza. Nilijibu yote, hata lile la mwisho. Usiku akaniletea ugali wa muhogo na migebuka, akakaa mlangoni tukapiga soga hadi karabai za wavuvi zikajaa ziwani. Nyumba ya vyumba vitano haijawahi kuniletea mgeni wa namna hiyo.

Mwanangu alikuja Desemba, bado amenuna. Vyumba vina wapangaji, akalala gesti. Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, akaingia kwenye Hiace "kuangalia tu" hizo droo, akajinyoosha kidogo. Kitanda ni cha urefu wangu, yeye kamrithi baba yake. Nilimkuta anakoroma, miguu imetokeza nje ya mlango mpaka kwenye magoti, nikavuta ndoo yangu nikakaa hapo kumfukuzia nzi.